Bunduki ya Upepo na Nukta ya Nusu Milimita: Mwongozo kwa Mlenga Shabaha

Katika mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10, ambayo ndiyo mlango wanaouingilia walenga shabaha wengi duniani, alama ya kumi ni nukta nyeupe yenye upana wa nusu milimita, iliyo katikati ya duara jeusi la milimita 30.5, na mlengaji, akiwa amesimama wima pasipo kuegemea kitu, bunduki yake isiyozidi kilo 5.5 mikononi, hutakiwa ailenge nukta ile mara 60 katika muda wa saa moja na robo. Msomaji aliyeingiwa na hofu kwa kusoma hayo na atulize moyo, kwani risasi yenyewe ina upana wa milimita 4.5, na ikiigusa nukta hata kwa ukingo wake tu huhesabiwa kumi, maana yake kitovu cha risasi kina ruhusa ya kupotea milimita 2.5 kila upande. Lakini ruhusa hiyo haina ukarimu mwingi, maana alama siku hizi huhesabiwa kwa desimali, toka 10.0 hadi 10.9, na kila robo ya milimita risasi inapojitenga na katikati humwondolea mlengaji sehemu moja ya kumi ya alama. Kupiga kumi moja si jambo. Hata mgeni aliyeshika bunduki leo huibahatisha. Jambo ni kuifanya risasi ya 60 itoke kama ilivyotoka ya kwanza, mwili ukiwa umechoka na jasho limeingia machoni; na yote utakayoyasoma hapa, ya risasi, ya miguu, ya pumzi na ya kidole, makusudio yake ni hayo tu.

Ama kwa habari ya sheria, usidanganywe na kukosa baruti: bunduki ya upepo ni silaha, na kila dola ina sharti lake juu yake. Uskoti, tangu mwisho wa mwaka 2016, haimruhusu mtu kuimiliki pasipo hati ya polisi. Ujerumani humwachia mtu aliyetimiza miaka 18 ile tu ambayo nguvu yake haizidi jouli 7.5 nayo imepigwa chapa ya herufi F. Basi popote ulipo, Mombasa au Maskati, Dar es Salaam au Toronto, nenda ukawaulize wenye mamlaka kabla hujatoa fedha, wala usitosheke na kauli ya muuzaji. Kisha jiunge na chama chenye uwanja wake, maana vyama aghalabu vina bunduki za kuazima, nawe huna haja ya kununua chombo cha thamani kubwa kabla hujaijua subira yako. Umri usikuzuie. Nino Salukvadze wa Georgia alilenga shabaha katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akaendelea bila kukosa hata moja mpaka ile ya Paris mwaka 2024, ikawa Olimpiki yake ya kumi.

Tukianza na risasi, huenda umepata kusikia kwamba huko Marekani, katika viwanja kama vile vya Camp Perry katika jimbo la Ohio, ambako watu hulenga shabaha zilizo umbali wa yadi 1,000, mashabiki hujijazia risasi zao wenyewe majumbani: huyaokota maganda yaliyokwisha kutumika, wakayatia fataki mpya, wakapima baruti kwa mizani, na juu yake wakapachika risasi. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya kubana matumizi tu, bali kwa kutaka kila risasi iwe pacha wa mwenziwe, kwa sababu risasi mbili zilizotofautiana kidogo kwa mwendo zinapotoka mtutuni, zikifika mbali kiasi hicho huwa zimeachana shibiri nzima. Kazi ile ina hatari zake, maana baruti ikizidi, bunduki hupasuka usoni mwa mwenyewe, na katika nchi nyingi kuifanya bila leseni ni jinai. Kwa hiyo mwongozo huu hauifundishi, nawe kwa hakika huihitaji. Risasi ya upepo haina ganda wala fataki wala baruti. Hata risasi ya .22, itumikayo katika mashindano ya mita 50, haijazwi tena, kwani dawa yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na ukingo ukishagongwa mara moja umekwisha kazi yake. Mlengaji wa mita 10 na mlengaji wa mita 50 hawatengenezi, wao huchagua. Ndiyo sababu viwanda kama Eley cha Uingereza na Lapua vina vyumba vya majaribio, ambamo bunduki ya mlengaji hufungwa imara, zikafyatuliwa risasi za mafungu mbalimbali yaliyotoka kiwandani, naye akanunua fungu lile ambalo matundu yake yamekaa karibu zaidi.

Jaribio hilo waweza kulifanya mwenyewe katika uwanja wa chama chako, na ni bora ulifanye mapema. Risasi za mashindano zina kichwa bapa, ili zikate tundu safi katika karatasi, na uzito wake kwa bunduki ni kama gramu 0.53, ilhali zile za bastola aghalabu huwa nyepesi zaidi. Nyuma ya kopo utaona imeandikwa tarakimu ya upana wa kichwa, kwa kawaida toka milimita 4.48 hadi 4.52, na tofauti hiyo, ambayo jicho haliioni wala kidole hakiihisi, mtutu wa bunduki yako unaifahamu vizuri. Ifunge bunduki katika jiriwa iliyovikwa kitambaa kinene, uweke karatasi mpya, ufyatue risasi 10 za upana mmoja. Ubadilishe karatasi, ufyatue 10 za upana mwingine. Hata uzimalize zote, kisha siku nyingine urudie upya kwa kuanzia na zile ulizomalizia. Usihukumu kwa risasi tano, kwa kuwa katika tano bahati ina nafasi kubwa mno, na mara nyingi mtu hununua makopo 20 kwa ushahidi wa bahati. Karatasi ambayo risasi zake 10 zimeacha tundu moja la mviringo lisilozidi sana upana wa risasi yenyewe, hiyo ndiyo inayokuonyesha kopo la kununua, na ukilipata nunua mengi ya fungu lilelile, maana fungu la mwaka ujao, japo chapa ni moja na tarakimu ni moja, si lile.

Wako watu ambao hawaridhiki hata hapo, wakakaa na mizani usiku kucha wakizipima risasi moja moja na kuzigawa katika vifuko. Siwalaumu, kwa kuwa kazi ile huwapa utulivu, na utulivu una faida yake siku ya mashindano. Lakini rai yangu ni kwamba mlengaji ambaye mkono wake bado huzitawanya risasi katika upana wa milimita 15 hana atakachokipata kutokana na mizani, na saa zile angezitumia kwa kusimama mbele ya ukuta mweupe na bunduki tupu angefaidika mara nyingi zaidi. Kinachotosha ni kuitazama kila risasi kabla ya kuitia: upindo wake wa nyuma ni mwembamba nao hupondeka upesi, na risasi iliyopondeka upindo huruhusu upepo upite ubavuni, ikaenda upogo. Zilizoumbuka zitenge, uzitumie katika mazoezi. Risasi bora huuzwa katika visahani ambamo kila moja ina shimo lake, usizimwage mfukoni.

Juu ya bunduki sina maneno mengi. Zile za Walther, Feinwerkbau na Anschütz, zote za Ujerumani, ni nzuri kuliko mlengaji yeyote anayeanza, na iliyotumika kwa uangalifu haiachwi nyuma na mpya. La kuchunguza ni chupa ya hewa. Hujazwa hadi shinikizo la bar 200, na nyingine zaidi, na juu yake umepigwa mhuri wa tarehe. Viwanda vingi huitaka iondolewe kazini ikitimiza miaka 10, hata kama yaonekana nzima. Ijaze polepole, kwani hewa ikisukumwa kwa haraka hupata joto, na ikipoa shinikizo hushuka ukadhani imevuja. Tena usiijaze kwa oksijeni ya hospitali wala ya mafundi wa kulehemu hata kwa dharura, na usitie mafuta katika viungo vyake ila yale aliyoyataja mtengenezaji, maana oksijeni iliyoshinikizwa ikikutana na mafuta hulipuka.

Sasa tuje kwenye mwili, ambao ndio bunduki ya kweli.

Lijue kwanza jicho lako linalotawala, ambalo si lazima liwe la upande wa mkono wako wa kulia. Nyosha mikono, uunganishe viganja hata kibaki kitundu kidogo kati yake, ukitazame kitu cha mbali kupitia kitundu hicho kwa macho yote mawili, kisha ulifumbe moja baada ya jingine. Lile ambalo likibaki wazi kitu hakipotei, ndilo. Jicho lisilolenga usilifumbe kwa nguvu, kwa sababu misuli ya uso hukazana na lile linalolenga likachoka pamoja nalo. Uliache wazi nyuma ya kizuizi chepesi, ambacho kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, lenye makao yake Munich, hukiruhusu maadamu hakizidi milimita 30 kwa upana.

Kama unalenga kwa mkono wa kulia, simama ubavu wa kushoto ukielekea shabaha, miguu imeachana kama upana wa mabega, uzito umegawanyika sawa. Nyonga ya kushoto isukume mbele kidogo kuelekea shabaha, na mgongo uupinde nyuma, mbali na bunduki na shabaha, hata kiwiko cha kushoto kipate kukaa juu ya mfupa wa nyonga, au karibu nao kadiri umbo lako linavyoruhusu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakaibeba bunduki kwa nguvu za mkono. Na mkono, uwe wa baharia au wa mpagazi, utatetemeka baada ya dakika kumi. Misuli ni vibarua wanaochoka, bali mifupa ni boriti za nyumba: mzigo ukishuka wima toka kiganjani hadi kiwikoni, toka kiwikoni hadi nyongani, na toka nyongani hadi nyayoni, hakuna anayechoka upesi. Kichwa kiwe wima, shavu lilale mahali pake bila kusukumwa. Bunduki ndiyo ije usoni, si uso kuifuata bunduki. Koti gumu na suruali za mashindano, ambazo kitambaa chake kimoja kisizidi unene wa milimita 2.5, huusaidia mgongo, lakini haziwezi kuusahihisha msimamo uliokwisha kuharibika, nami ningemshauri anayeanza akae miezi michache bila koti ili aijue mifupa yake.

Ukishasimama, elekeza bunduki, fumba macho, vuta pumzi mbili tatu, legeza mabega, kisha fumbua. Ikiwa tundu la kulengea limeondoka katika duara jeusi likaelekea kulia, mwili wako unakuambia kwamba kulia ndiko ulikoelekea kwa asili yake. Wala usiirudishe bunduki kwa mkono, kwa maana dakika ya kufyatua misuli italegea nayo itarudi ilikotaka. Sogeza mguu wa nyuma kidogo, kwa upana wa kidole tu, ufumbe macho tena na kujaribu tena, mpaka utakapofumbua na kulikuta duara mahali pake. Kazi hii ifanywe mwanzoni mwa mashindano, na irudiwe kila unapoondoa miguu, hata kama umeondoka kwa ajili ya kunywa maji tu. Mlengaji hodari huchora mistari ya nyayo zake kichwani.

Katika bunduki hizi kuna tundu dogo la nyuma ambalo jicho hutazamia, na pete ya mbele ambayo duara jeusi hukaa ndani yake likizungukwa na ukingo mweupe. Wanaoanza hupenda pete ndogo, wakidhani kwamba ukingo mwembamba utawapa usahihi. Kinyume chake, pete ndogo huonyesha kila mtikisiko, mtu akaogopa, akaanza kuivizia kumi inapopita ili aifyatulie upesi. Chukua pete kubwa kiasi, uuone ukingo mweupe ulio sawa pande zote, ukubali kwamba bunduki itacheza kidogo, nawe ufyatue katikati ya mchezo ule wa polepole.

Pumzi ivutwe, itolewe, na ikiwa imekwisha kutoka sehemu kubwa ibakizwe palepale bila kubanwa. Hapo una kama sekunde sita hadi nane za utulivu. Zikipita, damu hupungukiwa na hewa, na jicho, ambalo huchoka kabla ya mkono, huanza kuona picha ambayo imeganda akilini na si ile iliyo mbele yake. Risasi isiyotoka katika muda huo isitoke kabisa. Ishushe bunduki, upumue, uanze upya. Kushusha bunduki hakupunguzi alama hata moja, na sijui ni kwa nini watu huliona kuwa ni aibu. Dakika 75 kwa risasi 60 ni sekunde 75 kwa kila risasi, na mwenye sekunde 75 hana udhuru wa kufyatua kwa pupa.

Kidole kikae juu ya kifyatuo kwa nyama ya ncha yake, kikivute moja kwa moja nyuma pasipo kukisukuma kando, na kianze kukaza tangu bunduki inaposhuka kuingia katika duara, ili kwamba picha itakapotulia, sehemu kubwa ya kazi iwe imekwisha kufanyika. Risasi ikishatoka, usishuke. Mwendo wake ni kama mita 170 kwa sekunde, nayo, kabla hata ya kuianza safari ya mita 10, hukaa ndani ya mtutu muda ambao bega linalorukaruka kutaka kuiona alama laweza kuuondoa mdomo wa bunduki mahali pake. Baki ukilenga kwa muda wa pumzi moja, ujiambie ilipokwenda kabla hujaiangalia; na kama kauli yako na karatasi zinakubaliana, umeanza kuijua sanaa.

Yote hayo mtu hujifunza vizuri zaidi bila risasi. Hakikisha mara mbili kwamba bunduki ni tupu, utoe chupa ya hewa kama aina yako inaruhusu kufyatua mtambo mkavu, usimame mbele ya ukuta mweupe usio na alama yoyote, ulenge na kufyatua ukitazama tu jinsi mtutu unavyotulia. Ukuta hauna kumi, wala hauna saba. Kwa hiyo hakuna wa kukusifu au kukuaibisha, na kidole hujifunza adabu. Nusu saa ya kazi hiyo kwa siku, mara tatu au nne kwa wiki, yatosha.

Siku ya mashindano fika mapema, kwani kabla ya risasi za kuhesabiwa mnapewa dakika 15 za kujiandaa na kujaribu, nazo hupita haraka kuliko zinavyoandikwa. Juu ya yanayoweza kutukia siku hiyo, hakuna aliyesoma darasa kali kuliko Matthew Emmons wa Marekani. Katika Athens, mwaka 2004, akiwa ameongoza kwa alama tatu katika fainali ya bunduki ya mita 50 ya misimamo mitatu, na imebaki risasi moja tu, aliifyatua katika shabaha ya jirani yake. Akapewa sufuri, akashuka hadi nafasi ya nane. Miaka minne baadaye, Beijing, katika fainali ya namna ileile, akiongoza tena kwa zaidi ya alama tatu na imebaki risasi moja, kidole chake kilikigusa kifyatuo kabla bunduki haijafika katika shabaha, akapata 4.4, akawa wa nne. Huyu hakuwa mlengaji dhaifu. Katika Athens hiyohiyo alikuwa amekwisha kutwaa dhahabu ya kulenga kwa kulala. Basi jiwekee desturi: kabla ya kila risasi, hata ya mazoezi, macho yasome nambari iliyo juu ya shabaha, kisha yashuke; na kidole kisiguse chuma mpaka jicho limeingia katika pete. Desturi iliyokosa kufanywa katika risasi ya 20 haitakuja yenyewe katika risasi ya 60.

Na upande wa pili wa habari hiyo ni Abhinav Bindra wa India, ambaye katika Beijing hiyohiyo aliingia fainali ya bunduki ya upepo ya mita 10 akiwa wa nne, na ilipobaki risasi moja alikuwa sawa kwa alama na Henri Häkkinen wa Finland. Häkkinen alipata 9.7, akaishia na shaba. Bindra alipata 10.8, ikawa dhahabu ya kwanza ya Mhindi mmoja mmoja katika historia ya Olimpiki. Kati ya 9.7 na 10.8, kwa hesabu tuliyoieleza hapo juu, hakuna hata milimita tatu.

Risasi ya mwisho ikishatoka, fungua bunduki, umwonyeshe mwamuzi kwamba ni tupu, utie kibendera cha usalama mtutuni, ndipo uondoke katika mstari. Andika daftarini siku ileile: fungu la risasi, tarakimu ya kichwa, mahali pa miguu, hali ya mwanga, na risasi zile ulizojua zimeharibika kabla hujaziona. Osha mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa chakula, kwa kuwa risasi hizi ni madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Nguo ulizolengea zisichanganywe na zao katika kufua. Na kijana wako akikuomba umfundishe, mpeleke chamani kwenye mstari na mwamuzi, usimfundishe uani.